Sumaku Kwenye Oili: Kisafishaji au Shahidi?

Ukichovya sumaku katika beseni la oili chafu iliyotoka kwenye injini, inatoka imeota ndevu nyeusi. Hakuna tangazo la biashara linaloweza kuzishinda ndevu hizo. Mtu anaona kwa macho yake kwamba mna chuma ndani ya oili na kwamba sumaku imekinasa, basi anajijibu mwenyewe kuwa chuma kilichonaswa hakitaikwangua injini tena. Ndiyo maana nati za kumwagia oili zenye sumaku, na pete za sumaku za kuvisha filta kwa nje, hupata wanunuzi bila maelezo marefu. Lakini ndevu hizo zinaweza kusomwa kwa njia mbili. Huenda ni ushahidi kwamba injini imeokolewa, na huenda ni taarifa tu kwamba injini inaumwa. Hoja ya makala hii ni kwamba sumaku husafisha kidogo na hushuhudia mengi, na kwamba ushahidi wake, nchini Malawi, una thamani kubwa zaidi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kuliko mjini Lilongwe, ingawa magari ya mjini ndiyo yenye injini za bei kubwa.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za rais Kamuzu Banda palikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Palipangwa pakae watu elfu 10 hadi 12, na leo wamo zaidi ya elfu 50, wengi wao Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, ambao Kiswahili ni moja ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Watu wengi kiasi hicho hawaishi kwa mgao peke yake. Mahindi lazima yasagwe, simu zichajiwe, nywele zinyolewe, mizigo itolewe barabara kuu ya M1. Umeme unapokatika, au pale ambapo haujafika, kazi hizo huangukia injini ndogo: jenereta ya petroli yenye silinda moja, dizeli ya kuzungushia kinu, na pikipiki ya abiria ambayo Wamalawi huiita kabaza. Kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira kwenye mto Shire mwezi Januari 2022, gridi ya taifa ilipoteza kama megawati 130 kwa mkupuo, na Malawi nzima ikajifunza upya sauti ya jenereta. Mjadala wa sumaku unaanzia kwenye injini za namna hii, kwa sababu nyingi kati yake zina upungufu ambao mwenye Hiace ya Lilongwe hana: hazina filta ya oili.

Kwanza tuitazame oili yenyewe. Kazi yake ni kuweka utando kati ya chuma na chuma, na utando huo ni mwembamba mno. Katika beringi za krenki inayozunguka, unene wake mara nyingi ni maikroni chache tu, na unywele wa mtu una kama maikroni 70. Chembe iliyo ndogo kuliko utando hupita bila kugusa upande wowote. Chembe kubwa sana haiwezi hata kuingia kwenye nafasi hiyo. Inayoumiza ni ya kati, ya maikroni 5 hadi 20 hivi, yenye ukubwa wa kutosha kugusa pande zote mbili na udogo wa kutosha kupenya. Sasa filta ya kawaida ya karatasi hukamata vizuri chembe za kuanzia maikroni 20 au 30. Zilizo chini ya hapo hupita kwa wingi na kurudi kwenye mzunguko. Isitoshe, ndani ya filta mna vali ya dharura. Asubuhi za Juni na Julai, oili ya Lilongwe ikiwa bado nzito kwa baridi, au filta ikiwa imeziba, vali hiyo hufunguka na oili hupita bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Kwa hiyo wapo sahihi wanaosema kwamba filta huacha pengo. Kinachobishaniwa ni kama sumaku inaliziba.

Hapo hesabu inakuwa ngumu kwa upande wa sumaku. Nguvu inayoivuta chembe ya chuma hutegemea ujazo wake, na oili inayoishikilia chembe hiyo isivutwe hutegemea upana wake. Chembe ya maikroni 5 ina upana nusu ya ile ya maikroni 10, lakini ujazo wake ni sehemu moja ya nane. Maana yake, ukubwa ukipungua nusu, mvuto hupungua mara nane na ukinzani wa oili mara mbili tu. Uwezekano wa kunaswa unakuwa robo ya ule wa mwanzo. Halafu nguvu ya sumaku hufifia upesi mno kadiri chembe inavyokaa mbali nayo, na oili inayosukumwa na pampu huipitisha chembe mbele ya sumaku kwa mwendo wa kasi. Basi chembe zilezile ambazo filta inazikosa ndizo ambazo sumaku inazipata kwa taabu. Mtetezi wa sumaku atajibu kwamba oili hupita mahali palepale mara nyingi kila saa, na kwamba kilichokosekana mara ya kwanza kitapatikana mara ya mia. Jibu hilo lina ukweli, hasa sumaku ikiwa chini kabisa ya tumbo la injini, oili inapotulia. Lakini chembe iliyosubiri mzunguko wa mia kunaswa imekwisha kupita kwenye beringi mara tisini na tisa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: vingi vinavyoua injini havivutwi na sumaku hata kidogo. Uwanda wa kati wa Malawi una udongo mwekundu, na kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya mvua, barabara za Dowa ambazo hazina lami hutoa vumbi linaloingia kila tundu. Vumbi hilo lina chembe za mchanga wa kwatzi, mgumu kuliko chuma cha silinda, na sumaku hailioni. Pistoni ni ya aluminiamu. Beringi za krenki katika dizeli na magari mengi zimepakwa madini laini ya shaba, bati, risasi au aluminiamu. Katika injini ndogo ya petroli ya muundo wa Honda GX160, ambayo imeigwa na viwanda vingi na huzungusha jenereta katika nusu ya dunia, konrodi yenyewe ni ya aluminiamu na hukaa juu ya krenki bila ya kombe la beringi. Konrodi hiyo inaweza kulika mpaka ikakatika, na sumaku ikatoka safi kama imetoka dukani. Anayeifanya sumaku kuwa kipimo pekee cha afya ya injini kama hiyo anajidanganya.

Hata hivyo pingamizi hilo, likifuatwa hadi mwisho, linatuonyesha kazi halisi ya sumaku. Mchanga ukiingia kwenye silinda hauishii kuwa mchanga ndani ya oili. Hukwangua ringi na ukuta wa silinda, na ringi na ukuta ni vya chuma. Sumaku haimwoni mwizi, lakini inakiona alichokwisha kuiba. Kitambaa cha filta ya hewa kikichanika kwenye jenereta au pikipiki, chuma kwenye sumaku huongezeka siku nyingi kabla mwenye injini hajaona moshi wa bluu au kusikia nguvu zikipungua. Vivyo hivyo kwa meno ya gia, kamshafti na beringi za gololi: vyote ni chuma, na kwenye pikipiki vyote huoga katika oili moja na injini na klachi. Kwa hiyo swali la haki la kuiuliza sumaku si kiasi gani cha chuma imekiondoa. Tuiulize kiasi gani imekileta, na cha sura gani, tukilinganisha na mara iliyopita.

Fani zinazoogopa ajali zililielewa hili zamani. Sanduku la gia la helikopta lina nati ya sumaku yenye waya; vipande vya chuma vikijikusanya hapo huunganisha mkondo wa umeme na taa huwaka mbele ya rubani, naye hutafuta mahali pa kutua. Hakuna anayedai kwamba nati ile imeisafisha oili ya helikopta. Imetoa habari, na habari imeokoa watu. Miaka ya 1970 Mmarekani Vernon Westcott aliiendeleza kanuni hiyo katika maabara: oili hutiririshwa polepole juu ya kioo kilicho juu ya sumaku yenye nguvu, chembe zinajipanga kwa ukubwa, kisha mtaalamu anazitazama kwa hadubini. Vigamba vidogo vyembamba ni msuguano wa kawaida wa injini inayofanya kazi. Nyuzi zilizojikunja, mfano wa taka za mashine ya kukerezea vyuma, zinasema kwamba kuna kitu kigumu kinachokata, mara nyingi mchanga. Mapande yenye kingo yanasema kwamba uso wa gia au beringi umechoka na unabanduka. Mbinu hiyo ikaitwa ferografia, na msingi wake wote ni kwamba umbo la chembe hueleza ilikotoka.

Fundi asiye na hadubini anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo kwa vidole na jua. Ute mweusi unaopakaa kama masizi ya sufuria, usio na mkwaruzo ukiusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ni wa kawaida, na kwenye injini mpya huwa mwingi zaidi katika saa za mwanzo, kwa kuwa vyuma vipya vinazoeana. Ute huohuo ukiwa na chenga zinazokwaruza, unadai filta ya hewa ikaguliwe siku hiyohiyo. Vipande vinavyometa kama magamba ya dagaa, au kijiti kinachoonekana bila kukitafuta, ni amri ya kutowasha tena mpaka injini ifunguliwe. Na ukiona mng'ao mwingi kwenye oili ya beseni huku sumaku ikikataa kuushika, hiyo ni aluminiamu au shaba: pistoni, konrodi au beringi. Hapo hata kimya cha sumaku kimesema jambo, ili mradi mtu amelitazama beseni na sumaku kwa pamoja.

Katika Lilongwe habari hii ina manufaa ya kadiri. Mwenye Hiace ana filta, ana gereji jirani, na injini ikifa anaweza kutafuta iliyotumika kutoka Japani siku hiyohiyo akiwa na pesa. Wapo pia wenye magari ya gia za otomatiki ambao wana sumaku bila kujua: watengenezaji wengi huweka vipande vya sumaku kwenye sahani ya chini ya gia, kwa sababu gia hutoa chuma kwa wingi na oili yake hukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Hapo sumaku inasafisha kweli, na hakuna haja ya kubishana. Lakini kwa oili ya injini yenye filta nzuri, inayobadilishwa kwa wakati, ni vigumu kuonyesha kwamba nati ya sumaku inaongeza mengi. Fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua filta ya hewa isiyo bandia.

Dzaleka ni hesabu nyingine. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiwa imeweka masharti yake, mojawapo likihusu uhuru wa kwenda na kukaa utakapo, na sera yake ni kwamba mkimbizi akae kambini. Machi 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo operesheni ya kuwakusanya ikaanza. Kwa mwenye kinu aliye ndani ya kambi, kwenda Lilongwe kutafuta ringi au beringi ni suala la kibali na nauli kabla halijawa suala la bei. Bei nayo haisubiri. Novemba 2023 kwacha ilishushwa kwa asilimia 44, dola moja ikatoka kama kwacha 1,180 hadi 1,700, na kila kipuri kinachovuka mpaka kikapanda nayo. Katika hali hiyo tofauti kati ya injini inayokufa ghafla na injini iliyotoa taarifa wiki tatu kabla ni kubwa mno. Wiki tatu zinatosha kuomba kibali, kumwagiza mtu anayekwenda mjini, kuweka akiba, na kuifungua injini wakati kinachohitajika bado ni ringi peke yake. Injini iliyokufa ghafla inadai krenki na silinda pia, na inafunga kinu mpaka vipatikane.

Injini zenyewe nazo zinaunga mkono hoja hii. Jenereta ya muundo wa GX haina pampu wala filta. Kijiko kilicho mwishoni mwa konrodi hupiga oili na kuirusha juu. Oili yake ni kama lita 0.6 tu, na ratiba ya mtengenezaji ni kuibadilisha baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi sita. Chembe inayozaliwa humo haina pa kwenda mpaka oili imwagwe. Pikipiki za muundo wa Honda CG125, ambao viwanda vya China vimeuiga kwa miongo, zina wavu wa chuma na kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki. Kikombe hicho hutupa uchafu pembeni kwa mzunguko wake, ukagandamana kama tope. Ni kifaa bora kuliko sumaku kwa kusafisha, kwa sababu hakichagui: mchanga, aluminiamu na chuma vyote hukwama humo. Kasoro yake ni kwamba kukifikia lazima ufungue kifuniko cha upande wa klachi, na kwa hiyo wengi hawakifungui kamwe. Anayetaka kweli kusafisha oili ya pikipiki aanze na kikombe kile kabla ya kununua sumaku.

Sumaku pia ina hatari zake, na zisifichwe. Zile zinazong'aa za neodimiamu, zinazotolewa kwenye diski za kompyuta zilizokufa, zina nguvu nyingi zikiwa baridi, lakini aina za bei nafuu huanza kupoteza nguvu kwa kudumu zikifika nyuzi 80, na oili ya injini inayofanya kazi hupita nyuzi 90 bila shida. Sumaku nyeusi ya spika, dhaifu zaidi, huvumilia joto hadi nyuzi 250 hivi. Nyeusi hiyo, kwa upande wake, ni kama kigae: ikigongwa inavunjika. Kubandika sumaku kwa gundi ndani ya injini ni kuipa injini kipande kigumu ambacho siku moja kitabanduka kiende kwenye meno ya gia, na kitakuwa kibaya kuliko chembe zote ilizowahi kukamata. Nati ya kuchonga isiyo sawa na uzi wa tumbo la aluminiamu huharibu uzi, na oili yote ikamwagika njiani. Na sumaku isiyopanguswa kwa muda mrefu hubeba tonge ambalo linaweza kumomonyoka kwa mara moja.

Hatari hizo zote zinatoweka ukikubali kwamba kazi ya sumaku ni ushahidi, kwa sababu shahidi hahitaji kuishi ndani ya injini. Oili imwagwe ikiwa moto, injini ikiwa imezimwa punde tu, ili chembe zitoke nayo kabla hazijatua. Ipokewe kwenye beseni safi. Sumaku ya spika itiwe ndani ya mfuko wa plastiki, iburuzwe polepole chini ya beseni, kisha itolewe, ichomolewe mfukoni juu ya karatasi nyeupe na ndevu zilizobaki nje ya mfuko zisuguliwe hapo. Karatasi ikunjwe, iandikwe tarehe na saa za kazi, iwekwe. Mara ya tatu mwenye injini atakuwa na kitu ambacho hakuna duka linalouza: historia ya injini yake mwenyewe. Karatasi moja haisemi mengi, kwa kuwa kila injini ina kiasi chake cha kawaida. Karatasi tatu zikipangwa meza moja zinasema kama hali inatulia au inaongezeka.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo pengine ni zito kuliko yote: kwamba mtu mwenye shida ya pesa akiwa na sumaku atasema oili yake bado safi, aisogeze mbele miezi miwili. Hofu hiyo ina msingi. Oili haizeeki kwa chuma peke yake. Hujaa masizi, huchanganyika na petroli isiyoungua, hutengeneza asidi, na dawa zilizotiwa kiwandani humalizika. Sumaku haioni hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo sharti liwe moja tu: sumaku inaweza kukuambia umwage oili mapema, haiwezi kamwe kukuruhusu uchelewe. Anayeona sharti hilo ni gumu kulishika asinunue sumaku, anunue oili. Anayelishika, na mwenye kinu au jenereta Dzaleka aliye umbali wa kibali na nauli kutoka duka la vipuri, atafute spika iliyokufa, mfuko mmoja na karatasi nyeupe, na aanze kuweka kumbukumbu na oili inayofuata.